Data Imevuja Ijumaa Jioni: Mwanasheria wa Ndani, Mawakili wa Nje, au Wote Wawili?

Ijumaa, saa kumi na moja jioni. Kijana wa TEHAMA anaona akaunti ya msimamizi wa hifadhidata imeingia kutoka nchi ambako kampuni haina hata wakala, na jedwali zima la wateja limepakuliwa: majina, namba za vitambulisho, namba za simu. Kama kampuni iko Kenya na kuna hatari halisi ya wateja kudhurika, kifungu cha 43 cha Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 kinaipa saa 72 tangu ilipojua kumjulisha Kamishna wa Data. Hiyo ni Jumatatu, saa kumi na moja jioni. Jumamosi na Jumapili zimo humo humo, na mtu makini hapangi kazi yake kwa kutumaini kwamba zitaondolewa.

Nani ashike usukani? Njia ni tatu. Idara ya sheria ya ndani ibebe kila kitu. Au ofisi ya mawakili ya nje ikabidhiwe tatizo zima, na mwanasheria wa kampuni abaki kuwa mtu wa kupeleka nyaraka. Au kazi igawanywe: wa ndani aongoze na kuhesabu saa, wa nje wasimamie uchunguzi na yote yanayoweza kufika mahakamani. Sisi tunaegemea njia ya tatu kwa kampuni nyingi, si zote. Ila ikiwa mgawanyo wenyewe umefanywa kwenye karatasi tu, ni heri kuchagua mojawapo ya hizo mbili za kwanza.

Saa sita za mwanzo

Hapa wa ndani hana mpinzani. Wakili wa nje, hata awe bingwa, atatumia saa mbili kuuliza mambo ambayo mwanasheria wa kampuni anayajua kichwani: hifadhidata ile inatunzwa na nani, mkataba na mtunzaji unasema nini, data ya tawi la Kigali imo au haimo, nani ana ruhusa ya kuzima mfumo wa malipo usiku wa mwisho wa mwezi.

Saa hizo ndizo ushahidi unapopotea, na mara nyingi unapotezwa na watu wenye nia njema. Kosa linalojirudia ni fundi kuizima seva au kuifuta na kuipakia upya kutoka nakala rudufu ili huduma irudi haraka. Seva ikizimwa, vilivyokuwa kwenye kumbukumbu ya muda vinatoweka, na humo ndimo mara nyingi mlimo alama za programu aliyotumia mvamizi. Agizo sahihi ni fupi: itoe kwenye mtandao, usiizime, piga nakala kamili ya diski, hifadhi logi (rekodi za matukio) za mfumo kabla hazijafutwa na zinazofuata. Logi za vifaa vingi hujifuta zenyewe baada ya siku chache, na picha za kamera za mlangoni vilevile.

Agizo hilo lazima litoke kwa mtu anayesikilizwa na mafundi. Mwanasheria wa ndani anayekula nao mchana atatiiwa. Wakili wa nje anayepiga simu usiku kwa mara ya kwanza ataulizwa, "Wewe nani?"

Ndani ya saa hizo hizo itoke amri ya kutofuta: waraka wa nusu ukurasa kwa watu waliotajwa kwa majina, unaowakataza kufuta barua pepe, jumbe za simu na mafaili yanayohusu tukio, hata kama sera ya kampuni inafuta barua kila baada ya siku 90. Msimamizi wa barua pepe asimamishe ufutaji wa kujiendesha. Waraka bila hatua hiyo ya kiufundi hausaidii, kwa sababu kompyuta haisomi waraka.

Halafu kuna kundi la WhatsApp. Lifungueni, kwa maana barua pepe ya kampuni huenda inasomwa na mvamizi mwenyewe, lakini pigeni marufuku kubahatisha. Ujumbe wa "tumeibiwa kila kitu, tulijua tangu Machi" ulioandikwa na mtu aliyechoka saa nane usiku utasomwa kwa sauti mbele ya hakimu, na aliyeuandika hatapata nafasi ya kueleza kwamba alikuwa anakisia.

Tukio moja, saa nyingi

Wengi wanazijua saa 72 na kudhani hesabu imekwisha. Benki yoyote iliyoko Kenya ina hesabu tatu za saa zinazokwenda kwa pamoja. Kifungu cha 40 cha Sheria ya Matumizi Mabaya ya Kompyuta na Uhalifu wa Mtandao ya 2018 kinataka Kamati ya Kitaifa ya kuratibu masuala ya kompyuta na uhalifu wa mtandao, ile inayoitwa NC4, ijulishwe shambulio ndani ya saa 24. Mwongozo wa usalama wa mtandao ambao Benki Kuu ya Kenya iliutoa mwaka 2017 nao unataka taarifa ndani ya saa 24 kwa matukio yenye madhara makubwa. Ndipo zinakuja 72 za Kamishna. Mtunzaji wa data aliyepewa kazi na kampuni kwa mkataba naye ana saa 48 za kuijulisha kampuni, pale inapowezekana. Kwa hiyo mkataba wa mtunzaji ukisema tu "atatoa taarifa kwa wakati", unapaswa kurekebishwa wiki hii.

Vuka mpaka uone. Rwanda, Sheria Na. 058/2021 inatoa saa 48 za kujulisha mamlaka na saa 72 za kuwasilisha ripoti yenyewe. Uganda, sheria ya 2019 inataka taarifa mara moja. Tanzania, Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, inataka Tume ijulishwe bila kuchelewa. Ukiwa na wateja Ulaya wanaoguswa na kanuni za huko, kuna saa 72 nyingine, na kanuni hizo zinaruhusu maelezo kutolewa kwa awamu.

Nani anazishika vizuri zaidi? Kwa kampuni ya nchi moja, wa ndani, mradi kuna jedwali la ukurasa mmoja lililoandikwa mapema: mamlaka, idadi ya saa, fomu au mlango wa mtandaoni, nani ana nywila, nani anamrithi akiwa likizo. Hilo la nywila si mzaha. Akaunti ya kuwasilisha taarifa ikiwa imesajiliwa kwa barua pepe ya mtu aliyekwisha kuacha kazi, saa nne zinapotea kutafuta msimbo wa uthibitisho.

Kwa kampuni ya nchi tatu au zaidi, wa nje wenye mtandao wa ofisi wanashinda waziwazi. Mwanasheria mmoja wa Nairobi hawezi kuandika Kigali, Kampala na Dar es Salaam usiku mmoja na maneno yote yakakubaliana. Na yasipokubaliana, wadhibiti wanapashana habari.

Siri: hapa ndipo fedha zinapolala

Faini ya Kamishna wa Kenya ina ukomo: shilingi milioni 5 au asilimia 1 ya mauzo ya mwaka uliotangulia, kile kilicho kidogo. Kampuni kubwa hailii kwa hilo. Kinacholiza ni madai ya fidia ya wateja, na katika madai hayo nyaraka hatari kuliko zote ni ripoti ya uchunguzi iliyoagizwa na kampuni yenyewe, ile inayosema mlango uliachwa wazi tangu lini na nani alionywa.

Je, upande wa pili unaweza kuidai? Kifungu cha 134 cha Sheria ya Ushahidi ya Kenya kinamzuia wakili kutoa mawasiliano aliyopewa na mteja katika kazi yake ya uwakili. Neno la kulipima ni hilo: uwakili. Mwanasheria wa kampuni ambaye pia ni katibu wa kampuni, na mara nyingi afisa wa ulinzi wa data, akiandika barua saa nne usiku, ameiandika akiwa nani? Ukanda wetu umerithi maneno ya Sheria ya Ushahidi ya India ya 1872, na huko India, mwaka 2025, Mahakama ya Juu ilisema mwanasheria aliyeajiriwa na kampuni hapati kinga ileile ya wakili. Ulaya ilikuwa imekwisha kusema hivyo mwaka 2010 katika kesi ya Akzo Nobel, kwa uchunguzi wa Kamisheni kuhusu ushindani: mwajiriwa hana uhuru wa kutosha mbele ya mwajiri wake. Marekani na Uingereza zina mikono mipana zaidi kwa mwanasheria wa ndani, na kesi ya Upjohn ya 1981 ndiyo nguzo ya Wamarekani. Lakini usipange ulinzi wa Nairobi kwa sheria ya Washington.

Kwa kipengele hiki wa nje wanaongoza. Ila kuwaajiri pekee hakutoshi, na mfano wake bora ni Capital One. Benki hiyo ya Marekani ilitangaza Julai 2019 kwamba data za watu wapatao milioni 106 zilikuwa zimechukuliwa. Tayari ilikuwa na mkataba na wachunguzi wa Mandiant, uliosainiwa Januari mwaka huo huo, wa saa 285 za huduma. Tukio lilipojulikana, ofisi ya mawakili ilisaini barua mpya na Mandiant kwa kazi ileile na masharti yaleyale, tofauti ikiwa kwamba sasa ripoti ingekwenda kwa mawakili. Mahakama ya Virginia, mwaka 2020, iliamuru ripoti itolewe kwa walalamikaji. Malipo ya kwanza yalitoka kwenye fungu la kawaida la biashara, na ripoti ilisambazwa kwa wafanyakazi wapatao 50, wadhibiti wanne na mkaguzi wa hesabu. Hakimu aliona ripoti ambayo ingeandikwa hata kama kusingekuwa na kesi yoyote.

Linganisha na Target, iliyovamiwa mwishoni mwa 2013. Iliweka timu mbili, zote kutoka Verizon: moja ikichunguza kwa ajili ya biashara na kampuni za kadi, nyingine ikiwafanyia kazi mawakili tu, bila timu hizo kuzungumza. Mwaka 2015 mahakama ya Minnesota ililinda sehemu kubwa ya kazi ya timu ya pili, kwa sababu walalamikaji walikuwa na njia nyingine ya kupata ukweli wa kiufundi. Ofisi ya mawakili ya Clark Hill ilijaribu kudai mpango kama huo mwaka 2021, mahakama ikaona timu ya biashara ilikuwa ya jina tu, ikakataa.

Kwa hiyo anayetaka mgawanyo aulipie kweli: mkataba wa wachunguzi usainiwe na ofisi ya mawakili, upeo wa kazi uandikwe upya badala ya kunakiliwa, ankara ilipwe kwenye fungu la idara ya sheria, ripoti isomwe na watu wanaohesabika kwa vidole. Mafundi wanaohitaji kuziba tundu wapewe waraka wao tofauti: matundu na namna ya kuyaziba, bila kutafuta mkosaji. Na hakuna kinga inayofunika ukweli wenyewe. Tarehe ambayo tundu lilionekana haigeuki siri kwa kupitishwa kwa wakili.

Mwajiriwa akiambiwa anyamaze

Hasara nyingine ya kujitegemea haizungumzwi sana vikaoni, kwa sababu zilizo wazi. Mwanasheria wa ndani analipwa mshahara na watu anaopaswa kuwaambia "hapana". Mwaka 2016 wavamizi walichukua data za abiria na madereva milioni 57 wa Uber. Kampuni ililipa dola 100,000 kwa bitcoin na wavamizi wakasainishwa makubaliano ya kutosema. Tukio lilitangazwa Novemba 2017, chini ya uongozi mpya. Mkuu wa usalama, Joe Sullivan, ambaye mwenyewe aliwahi kuwa mwendesha mashtaka, alitiwa hatiani Oktoba 2022 kwa kuzuia uchunguzi wa serikali na kuficha uhalifu. Yeye na mwanasheria wa ndani aliyekuwa amewekwa kwenye timu ya usalama walikuwa wamefukuzwa kazi tukio lilipotangazwa.

Kwa macho yetu, kasoro ilikuwa njia ya taarifa: kama mwanasheria anaripoti kwa mtu ambaye kazi yake ndiyo inachunguzwa, hana pa kukimbilia. Kampuni inayotaka kubeba mzigo peke yake iandike kwenye mpango wake kwamba mwanasheria mkuu ana haki ya kumpigia mwenyekiti wa kamati ya ukaguzi bila kupitia kwa mkurugenzi mtendaji. Mstari mmoja huo unatosha. Ukikosekana, na mshukiwa akawa mtu wa ngazi za juu, chukua wa nje bila kujadili.

Fedha na manunuzi

Wa ndani wanaonekana bure kwa kuwa mshahara wao umeshalipwa. Si bure: wiki tatu za mgogoro ni wiki tatu ambazo mikataba mingine yote imelala. Wa nje wanatoza kwa saa, na wasiojua kampuni wanatoza pia saa za kujifunza. Ada ya kila mwaka ya kukaa tayari hupunguza hilo.

Kinachokwamisha zaidi ni utaratibu. Kampuni nyingi, na mashirika ya umma karibu yote, yana sheria ya nukuu tatu za bei. Jumamosi usiku hakuna atakayekupa nukuu tatu. Wengine wana bima ya mtandao na hawajasoma kipengele kinachotaka kibali cha bima kabla ya kuajiri wakili au mchunguzi, na mara nyingi kuna orodha ya walioidhinishwa. Ukimwajiri unayempenda bila kibali, bima ina haki ya kukataa kulipa ankara. Tatu ni mgongano wa maslahi: ofisi kubwa ya mawakili uliyoizoea huenda inamwakilisha pia mtunzaji wa data aliyesababisha uvujaji. Likigundulika usiku wa tukio, unaanza upya.

| | Ndani peke yao | Nje peke yao | Mgawanyo |
|---|---|---|---|
| Kuanza kazi | Dakika 30 | Saa 3 hadi siku 2, kutegemea mkataba | Dakika 30 |
| Kulinda ushahidi | Vizuri, wakifundishwa | Huchelewa | Vizuri |
| Kinga ya siri | Dhaifu | Imara zaidi | Imara kama timu ni mbili kweli |
| Nchi nyingi | Vigumu | Vizuri | Vizuri |
| Kumchunguza bosi | Hapana | Ndiyo | Ndiyo, kupitia bodi |
| Gharama ya maandalizi | Muda | Ada | Muda na ada |

Muda uliotajwa hapo ni makadirio yetu ya kupangia kazi, kwa kampuni iliyofanya mazoezi. Isiyofanya, izidishe.

Uchague ipi

SACCO au kampuni changa isiyo na mwanasheria: wa nje, na ikiwa una bima, anza na orodha ya bima. Lakini teua mtu mmoja wa ndani, hata akiwa mhasibu, wa kuandika daftari la matukio: saa, nani kasema nini, nani kaamua nini. Sheria ya Kenya inataka rekodi ya ukweli, athari na hatua zilizochukuliwa, na wakili wa nje hawezi kuiandika kwa niaba ya mtu asiyemjua.

Kampuni yenye mwanasheria mmoja ambaye ni katibu pia: mgawanyo, huku mizani ikilalia nje. Yeye abaki na saa za wadhibiti, amri ya kutofuta na bodi. Uchunguzi aachie wengine, kwa sababu kofia zake ni nyingi mno.

Benki, kampuni ya simu au bima yenye idara ya watu watano au zaidi: mgawanyo, mizani ikilalia ndani. Tukio dogo lisilo na madhara kwa wateja, mfano kompyuta mpakato iliyopotea ikiwa na diski iliyosimbwa, wamalize wenyewe. Kuita ofisi ya mawakili kwa kila jambo kunawachosha wote.

Anayedaiwa kikombozi, yaani fedha ili mvamizi aachie mfumo au data, asiamue kulipa bila wakili wa nje, ukubwa wowote awe nao. Hazina ya Marekani ilionya mwaka 2020, ikarudia 2021, kwamba malipo kwa kundi lililowekewa vikwazo yanaweza kumletea mlipaji adhabu hata kama hakujua, na benki itakayohamisha fedha hizo itauliza.

Kabla ya Ijumaa hiyo

Barua ya kazi na ofisi ya mawakili iwe imesainiwa, mgongano wa maslahi umekaguliwa dhidi ya watunzaji wako wakubwa, na bei za saa zimeandikwa. Barua ya pili, ya mchunguzi, iwe imeandaliwa kwa jina la ofisi hiyo na kubakizwa nafasi ya tarehe na ya upeo wa kazi. Bodi iwe imepitisha kiwango ambacho mkurugenzi anaweza kutumia kwa dharura bila nukuu tatu. Bima iwe imeandika kwamba inawakubali hao uliowachagua. Rasimu za taarifa ziwe mbili: ya mdhibiti na ya wateja. Ya wateja iwe kwa Kiswahili kinachoeleweka, ikisema nini kimechukuliwa, wao wafanye nini leo, na wapige simu wapi. "Tunachukulia faragha yako kwa uzito" ifutwe kabisa, maana haimsaidii mtu ambaye namba yake ya kitambulisho iko sokoni.

Orodha ya simu ichapishwe kwenye karatasi, watu kumi au kumi na wawili, namba binafsi, nakala nyumbani kwa kila mmoja. Orodha iliyomo kwenye seva iliyofungwa na mvamizi haina kazi. Fanyeni zoezi mara mbili kwa mwaka, dakika 90, na moja kati ya hayo mkurugenzi mtendaji awe "yuko ndani ya ndege".

Na namba ya dharura ya ofisi ya mawakili, ile iliyoandikwa kwenye mkataba kwa herufi nene, ipigieni Jumapili moja saa tatu usiku bila kuwataarifu. Akipokea mlinzi wa getini, rudisheni mkataba mezani.